Watu wa Kazi Moja

Mambo nitakayowaeleza mwezi huu hayaniletei sifa. Nimeyaweka moyoni kwa miaka kadhaa, nikiona haya kuyaandika. Lakini mwenzangu mmoja aliniambia ya kwamba mwalimu afundishaye kwa makosa yake mwenyewe hufundisha mara mbili. Basi nimeshika kalamu.

Watu wengi siku hizi huziishi saa za mchana kazini kuliko nyumbani. Zamani mtu alilima na ndugu zake, akavua na jamaa zake, akajenga na majirani zake. Waliofanya kazi pamoja walikuwa watu wamoja hata kabla ya kushika jembe. Leo sivyo. Shule, zahanati, kiwanda, ofisi ya serikali, duka kubwa la mjini, kila mahali hukusanya watu waliotoka huku na huku, wasiojuana kwa ukoo wala kwa kijiji, nao huambiwa: Haya, fanyeni kazi. Na kazi yaweza kwenda, na mshahara waweza kulipwa kila mwezi, na watu wasiwe pamoja hata kidogo. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, nami nilikuwa mmoja wa walioyatenda.

Shule niliyofundisha wakati huo imo katika mkoa wa Pwani. Jina lake siliandiki, maana kosa halikuwa la majengo. Tulikuwa walimu 23. Pamoja nasi walikuwapo wapishi watatu, karani mmoja, na walinzi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Jumla yetu watu 29. Lakini mgeni akituuliza, "Mko wangapi hapa?" tulijibu bila kusita, "Tuko 23."

Walimu tulipendana, nami sikatai. Tulikuwa na mfuko wetu wa kufaana. Kila mwezi mtu alitoa shilingi 5,000, na mimi nilikuwa mtunza hazina. Mwenzetu akiugua, au akifiwa, au akipata mtoto, mfuko ulifunguliwa. Tulikuwa na kundi letu katika simu, ambamo tulipeana habari na pole na picha za maua. Saa nne asubuhi tulikunywa chai pamoja katika chumba cha walimu. Wapishi waliileta birika, wakaiweka mezani, wakatoka. Yao waliinywa wamesimama nyuma ya jiko. Mwisho wa mwaka tulichinja mbuzi, tukavaa vitenge vya aina moja, tukapiga picha, na mwalimu mkuu akatoa hotuba kwamba sisi ni jamaa moja. Mlinzi wa mchana alimfungulia lango yule mbuzi alipoletwa, na jioni akapelekewa sahani yake huko huko langoni. Katika picha hayumo.

Siku moja, baada ya mishahara kutoka, mlinzi huyo alibisha hodi katika chumba cha walimu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, mpole wa maneno. Mkononi alishika noti ya shilingi 5,000 iliyokunjwa mara nne. Akaniambia, "Mwalimu, nami naomba uniandike."

Nikalitazama daftari. Juu yake palikuwa na neno moja, nililoliandika mwenyewe kwa wino mweusi: WALIMU. Nikamjibu, "Mzee wangu, mfuko huu ni wa walimu. Nyinyi na wapishi mwaweza kuanzisha wenu." Akasema, "Sawa, mwalimu." Akairudisha noti katika mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda zake. Sikumkaripia. Nilimkatalia kwa maneno mazuri, na labda ndiyo sababu sikuona ya kuwa nimekosa.

Ikapita miezi kama mitatu. Asubuhi moja ya Jumanne tukakuta lango limefunguliwa na mlinzi wa usiku, ambaye alipaswa kuwa amekwisha kwenda kulala. Juma hilo mimi nilikuwa mwalimu wa zamu. Nikamwuliza mwenzake yuko wapi. Akajibu, "Ana matatizo ya nyumbani." Nikaandika katika kitabu cha zamu: Mlinzi wa mchana hayupo. Sikuuliza ni matatizo gani. Jumatano nikaandika vivyo hivyo, na Alhamisi, na Ijumaa. Mlinzi wa usiku alifanya kazi za watu wawili, macho mekundu, nasi tulinung'unika kwa kuwa lango lilichelewa kufunguliwa.

Jumatatu iliyofuata nikamkuta yule mzee mahali pake. Nikamwambia kwa sauti ambayo wanafunzi waliisikia, "Siku nne zote ulikuwa wapi? Shule hii si shamba lako, uje upendapo." Akaupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema polepole, "Nilikuwa nikizika, mwalimu. Mama watoto ametutoka." Kisha akaniacha, akaenda kulifungua lango, maana gari la kuni lilikuwa likingoja.

Nilisimama pale nisijue pa kuweka uso wangu. Miezi miwili kabla ya siku ile, mama mzazi wa mwalimu mwenzetu alipofariki, tulikodi gari, tukasafiri kutwa nzima, tukapeleka mchele, sukari na fedha. Na nyumba ya mlinzi ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Katika dirisha la darasa langu niliweza kuiona minazi yake.

Likaja jambo lililonichoma zaidi. Mchana ule niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba mlinzi amefiwa. Kijana mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, sisi tuliliona jeneza. Jumanne lilipita njia ya nyuma, ukatuambia tukae." Nikakumbuka. Nilikuwa nikiandika hesabu ubaoni; nilipogeuka niliwakuta watoto wamesimama kimya, nyuso zao dirishani, kama wazazi wao walivyowafundisha kumheshimu maiti. Mimi, nisijue wanatazama nini wala nisiulize, niliwaamuru waketi watazame ubao. Watoto walisimama kwa ajili ya mke wa mlinzi wetu, na mwalimu akawaketisha.

Jioni tulikwenda kuhani: mwalimu mkuu, mimi, walimu wanawake wawili na mpishi mmoja aliyeijua njia. Tulichukua sukari na mchele na kiasi cha fedha. Wanawake waliingia ndani. Sisi tukakaribishwa mkekani barazani. Bibi mmoja, dada ya marehemu, akatutazama na vifurushi vyetu, akauliza, "Mmetoka mbali, wanangu?" Mwalimu mkuu akajibu, "Hapana, mama. Tumetoka hapa shuleni." Bibi akasema, "Ah." Hakuongeza neno jingine. Nimesikia hotuba nyingi za kukemea katika maisha yangu, lakini hapana iliyonilemea kama neno lile moja.

Tulikaa. Mazungumzo yakawa mazito. Mwisho yule mzee, kwa kutuhurumia sisi wageni, akaniuliza, "Mwalimu, asili yenu wapi?" Nikamwambia nimezaliwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga, lakini babu yangu alitoka Unyamwezi. Mara uso wake ukabadilika. Akapiga paja. "Mnyamwezi! Mimi Mzaramo, wewe mtani wangu! Basi kaburi lile lilikuwa kazi yako, ukaniacha nichimbiwe na wengine!" Akacheka, na machozi yakimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie, watu wa barazani walicheka pamoja naye.

Ndugu zangu, wengi wenu mwaujua utani, lakini vijana wengine siku hizi hudhani ni mizaha ya kutukanana tu. Wanyamwezi walikuwa wasafiri wakubwa tangu karne ya 19. Walichukua pembe za ndovu mabegani kutoka bara hata Bagamoyo, wakipita katika nchi za watu wengine. Msafiri aweza kuugua njiani. Aweza kufa mahali asipo na ndugu. Basi makabila kadhaa yaliyokutana katika njia hizo na katika vita vya zamani yakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukufanyia mzaha usioruhusiwa mtu mwingine, na kuchukua kitu chako kidogo bila kesi. Lakini ana wajibu pia. Ukifiwa, mtani ndiye ajaye kushika kazi za mazishi, maana wewe mwenye msiba mikono yako haina nguvu. Tena ndiye akuchekeshaye ili huzuni isikumeze.

Haya niliyasikia kwa babu yangu, nikayaona kuwa hadithi za wazee. Babu aliletwa Tanga kuwa manamba. Huenda wasomaji vijana hawalijui neno hili. Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo mashamba yakaenea nchi nzima, yakahitaji maelfu ya wakataji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama cha kuwaandika watu wa mbali, kikaitwa SILABU, na malori na magari ya moshi yakawaleta Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wabena na wengine wengi. Kila mmoja alipewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Mtu alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na msimamizi alimwita kwa namba yake wala si kwa jina.

Lakini babu alisema, "Namba zilikuwa za ofisini. Kambini tulikuwa na majina." Jioni, baada ya kukata na kufunga matita na kuyapeleka korona, yaani kiwanda cha kukamulia majani, watu walitafutana. Huyu mtani wangu; yule tumetoka njia moja; huyu analala chumba cha tatu. Mtu asipoonekana jioni, aliendewa chumbani. Akifa, hakuzikwa kama mbwa. Watani walimwosha, wakamchimbia, wakamlilia na kumchekea. Wenye shamba hawakuwaamuru hayo, wala hawakuwalipa. Watu walioletwa kama hesabu walijifanya wenyewe kuwa mji.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani usiku ule nilifikiri: Babu yangu aliitwa kwa namba na wageni, lakini wenzake walilijua jina lake. Yule mzee tulimwita "Mlinzi" kwa miaka minne, sisi wenzake, tuliosoma. Sikulijua jina lake mpaka siku ile ya kuhani. Sasa nalijua, ila siliandiki hapa, kwa sababu mwenyewe aliniambia nikimtia gazetini atanitoza faini ya kitani.

Jumapili iliyofuata nilikisoma tena kitabu cha Nehemia. Nilikuwa nikikisoma zamani kama habari za ukuta. Safari hii nilisoma habari za watu. Sura ya tatu ni orodha ndefu ya majina, ambayo wasomaji wengi huiruka. Wamo makuhani, mafundi wa dhahabu, watengenezaji wa marhamu, wafanya biashara. Yumo Shalumu na binti zake. Kila mtu na sehemu yake, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Imeandikwa pia kwamba wakuu wa Tekoa hawakukubali kutia shingo zao katika kazi ile. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Lakini kabla ya kumalizika, katika sura ya tano, kilitokea kilio kikubwa, wala si kwa sababu ya adui aliye nje. Wajenzi maskini waliwalilia ndugu zao Wayahudi waliowakopesha kwa riba na kuchukua mashamba na watoto wao. Wote walikuwa wakijenga ukuta mmoja, na huku wengine wakiwala wengine. Nehemia aliona kwamba ukuta wa namna hiyo ungezunguka mji usio na watu wamoja. Akawakusanya wakubwa, akawataka warudishe walivyovichukua. Yeye naye hakujitoa katika lawama ile, na posho aliyokuwa na haki nayo kwa kuwa mtawala hakuila.

Mimi sikuwa nimemnyang'anya mtu shamba. Lakini niliona ya kwamba kazi moja haiwafanyi watu kuwa wamoja, kama vile mawe yaliyolundikwa mahali pamoja si nyumba.

Nikamwomba mwalimu mkuu tufanye mkutano wa watu wote wa shule. Viti vya chumba cha walimu havikutosha, tukaleta madawati kutoka darasani. Hapo tu ndipo tulipofahamu kwamba tangu shule ifunguliwe hapajakuwa na siku ambayo watu wote walikaa chini ya paa moja. Nikasimama nikaeleza habari ya ile noti ya 5,000. Sikuificha hata kidogo. Kisha nikapendekeza mfuko uwe mmoja.

Mabishano yakawa makali, wala siwalaumu waliobisha, maana hoja zao zilikuwa za kweli. Wa kwanza akasema, "Mishahara hailingani. Mpishi atawezaje kutoa kama mwalimu? Na akitoa kidogo, mbona apate sawa?" Mwalimu wa historia akamjibu kwa habari ya mji wa Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 wafumaji na mafundi wengine, watu 28, waliokuwa wakipata ujira mdogo, waliweka akiba zao pamoja wakafungua duka dogo. Wakaweka sharti kwamba kila mwanachama awe na kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye chache. Mwanzo huo mdogo ulikuwa mfano kwa vyama vya ushirika katika nchi nyingi, hata kwetu, ambako wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipata chama chao kikuu mwaka 1933. Akasema, "Wangepima sauti ya mtu kwa fedha yake, maskini wasingeingia, na maskini wasipoingia, duka lile lilikuwa la nini?" Tukakata shauri: walimu watoe 6,000, wengine watoe 2,000, kila mtu awe na sauti moja, na msaada wa msiba uwe sawa kwa wote, kwa kuwa sanda ya maskini na ya tajiri bei yake ni moja.

Wa pili akasema, "Kazi ni kazi. Undugu ni wa nyumbani na kanisani. Tukianza kunywa chai na kila mtu, nani atafanya kazi?" Hapo nilisema mwenyewe. Niliwahi kusoma habari za kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, Marekani. Kati ya mwaka 1924 na 1932 wachunguzi walitaka kujua ni nini kiongezacho kazi ya mikono. Mwanzo waliongeza mwanga wa taa, na kazi ikaongezeka. Wakapunguza mwanga, na kazi haikushuka kama walivyotazamia. Baadaye waliwatenga wasichana wachache katika chumba kimoja, wakawa wakiwauliza maoni yao na kuwabadilishia saa za kupumzika, na kazi yao ikazidi kupanda. Profesa Elton Mayo aliyeyaandika mambo hayo alifundisha kwamba mtu kazini hatafuti ujira tu, bali anataka kujulikana na kuwa mmoja wa kundi. Wataalamu wengine wamebishana naye, wakisema palikuwa na sababu nyingine pia. Mimi si mtaalamu. Lakini mlinzi wa usiku aliyesimama siku nne bila kulala, kwa kuwa mwenzake amefiwa, hakuna mtu aliyemlipa. Tulilindwa na undugu wa watu wawili ambao hatukuwahesabu.

Mpishi mmoja mwanamke, ambaye sikupata kusikia sauti yake mkutanoni, akasema neno fupi: "Sisi hatutaki kukalia viti vyenu. Twataka mkitukosa mjue."

Neno hilo likawa msingi wa mambo tuliyoyaamua. Nayaandika hapa kwa kuwa labda yatawafaa wengine.

Kwanza, daftari likawa moja. Nilipiga mstari juu ya neno WALIMU, nikaandika WATU WA SHULE, na chini yake majina 29.

Pili, mtu asipoonekana kazini, aulizwe habari zake kabla ya jua kuchwa, na aulizwe na mtu mmoja aliyetajwa, kwa miguu au kwa sauti ya simu. Tuliona kwamba jambo la kila mtu huwa si la mtu yeyote. Pole za kundi la simu hatukuzikataza, lakini mzee wetu ana simu ndogo ya tochi isiyopokea maua.

Tatu, chai iwe moja, na kila juma mtu mmoja aimimine kwa zamu. Mwalimu mkuu alianza. Kwa kuwa mlinzi hawezi kuliacha lango, yule mwenye zamu huchukua vikombe viwili, akaenda kunywa naye huko. Kwa njia hii kila mmoja wetu alikaa langoni, akaiona shule kwa macho ya mtu akaaye pale kutwa.

Nne, undugu usiwe pazia la makosa. Jambo hili lilinijia mimi mapema. Mwalimu mmoja, mchelewaji, aliniomba nimtilie sahihi katika daftari la mahudhurio, akisema, "Si tumekuwa ndugu?" Nikakataa. Akaninunia majuma mawili. Lakini undugu unaomwibia mtoto wa darasani si undugu. Ni kula njama.

Sisemi kwamba shule yetu iligeuka Yerusalemu mpya. Walimu wawili walijitoa katika mfuko. Sukari iliisha upesi, na watu wakagombana kwa sababu ya sukari. Wako waliokwenda langoni na vikombe vyao wakakaa kimya mpaka chai ikaisha, kwa kuwa hawakujua la kuzungumza na mtu waliyempita kila siku kwa miaka. Lakini hata kimya kile kilikuwa na faida. Mtu hukaa kimya na mwenziwe mara mbili, mara ya tatu humwuliza watoto wake wanasoma wapi.

Mwaka wa pili yake baba yangu mzazi alifariki kule Tanga. Nilisafiri usiku, nikamjulisha mwalimu mkuu tu. Kesho yake adhuhuri basi dogo likasimama mbele ya nyumba yetu, wakashuka watu wa shule. Wa kwanza kushuka alikuwa yule mzee, amebeba jembe lililoviringishwa katika gunia. Alilitoa nyumbani kwake Pwani na jembe lile, kana kwamba Tanga hakuna majembe. Akavua shati, akaingia kaburini, akachimba pamoja na vijana wa kwetu. Yeye Mwislamu na sisi Wakristo. Katechista alipofika kusoma sala alisimama pembeni kwa heshima, mikono ina udongo.

Tulipotaka kufukia, akaketi juu ya ukingo wa kaburi, akatia miguu yake ndani, akapaza sauti: "Mnyamwezi huyu hafukiwi! Mwanawe ana deni langu. Nilimpelekea shilingi 5,000 aniandike, akakataa. Leo atanilipa, au nalala humu humu na baba yake." Watu wote wakaangua kicheko, hata mama yangu aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu jana. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikatoa noti, nikampa. Akaikunja mara nne, akalitwaa shati lake, akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Kisha akaondoka ukingoni, akashika jembe, akafukia.

Tuliporudi shuleni aliniletea noti ile ile. "Weka katika mfuko," akasema. "Fedha ya kitani haikai nyumbani."

Ndugu msomaji, sijui wewe wafanya kazi wapi. Labda ni zahanati, ambako mfagiaji huingia kabla ya mganga. Labda ni ofisi ya kijiji, au mashine ya kusaga, au kanisa lenyewe, ambalo nalo lina mpiga kengele na mfagiaji. Sikuombi ufanye karamu, wala kushona nguo za aina moja. Uliza kwanza majina. Kisha tazama ni nani asipokuja kesho hakuna atakayeuliza. Mtu huyo ndiye mlango wako wa kuanzia. Na wala usingoje kufiwa kwake, kama nilivyongoja mimi.

Nami nimekwisha kuhamishwa, nafundisha shule nyingine. Siku ya kwanza nilipofika, kabla ya kuonyeshwa darasa langu, nilimwuliza mwenyeji wangu, "Mko wangapi hapa?" Akanijibu, "Tuko walimu 17." Nikamshika mkono, nikamwambia, "Haya, twende tukahesabu tena." Tukaanzia langoni.